Thamani Zisizobadilika katika Programu za Kompyuta: Mfano wa Saa za Ziwa Nyasa

Msomaji asimamaye ufukoni Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, huku Milima ya Livingstone ikiwa mashariki mwake, anatazama maji ambayo kingo zake hazifuati saa moja. Ikiwa ni saa nne asubuhi Matema, Itungi na Mbamba Bay, saa hiyohiyo ni saa tatu asubuhi huko Karonga na Nkhata Bay nchini Malawi, na kadhalika huko Metangula nchini Msumbiji. Avukaye daraja la mto Songwe pale Kasumulu hupata au hupoteza saa nzima kwa mwendo wa hatua chache. Wakazi wa Kyela wamelizoea jambo hili tangu zamani, na mfanyabiashara wa mpakani hulipiga hesabu kichwani bila taabu yoyote.

Kompyuta haina mazoea. Ili itaje saa ya Matema au ya Karonga, hapana budi iwe imeandikiwa mahali fulani kwamba Tanzania iko mbele ya wakati wa dunia, ambao kwa kifupi huitwa UTC, kwa muda wa saa 3, na kwamba Malawi iko mbele kwa muda wa saa 2. Thamani za namna hii, ambazo programu huzisoma ili ijue iendeshe kazi yake vipi, huitwa thamani za mpangilio. Jina la ukanda wa saa ni thamani ya mpangilio. Kiwango cha makato katika hesabu za ushirika, jina la sarafu na idadi ya tarakimu baada ya nukta ni thamani za mpangilio vilevile. Katika makala hii tutaeleza kwa nini waandishi wa maktaba za programu wamefikia uamuzi kwamba thamani hizi, zikishawekwa, zisiweze kubadilishwa kabisa. Na tutaeleza namna mtu anavyoweza kufanya kazi na kitu kisichobadilika katika ulimwengu ambao wenyewe unabadilika kila siku.

Kwanza tuseme maktaba ya programu ni nini. Ni mkusanyo wa taratibu zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mwandishi mwingine wa programu huziazima badala ya kuziandika upya. Anayetengeneza programu ya tiketi za meli hana haja ya kubuni upya kanuni za kalenda. Huazima maktaba ya tarehe na saa. Sifa hii ya kuazimwa na wengi ndiyo asili ya tatizo letu. Chombo kinachotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja kikiharibiwa na mmoja, huharibikia wote.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka katika zao ambalo kila mkazi wa Kyela analifahamu. Kakao ya Kyela hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, kisha mkulima hulipwa baada ya makato. Tuseme chama kimoja kina programu ya malipo, na kwamba makato ni shilingi 100 kwa kilo. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Thamani hiyo ya 100 imewekwa mahali pamoja, na taratibu zote huisoma hapo. Anakuja mkulima aliyeazimwa magunia ya chama, naye anastahili kukatwa shilingi 150 kwa kilo. Mwandishi wa programu anaona njia rahisi: anaibadilisha ile 100 kuwa 150, anampigia mkulima yule hesabu yake, na anakusudia kuirudisha iwe 100. Lakini katika baadhi ya njia ambazo programu hupitia, pengine kwa sababu karatasi ya kuchapia imekwisha na kazi ikakatizwa katikati, ule mstari wa kuirudisha haufikiwi.

Kuanzia hapo kila mkulima anayefuata anakatwa shilingi 50 zaidi kwa kila kilo. Wakifuata wakulima 40 wenye jumla ya kilo 6,000, watakuwa wamepunjwa shilingi 300,000, na hakuna aliyeiba. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani. Mkaguzi akizidisha na kujumlisha atakuta hesabu ni sahihi, kwa kuwa kompyuta ilizidisha na kujumlisha barabara; ila ilitumia thamani ambayo haikuwa yake. Tena programu ikizimwa jioni na kuwashwa asubuhi, thamani hurudi kuwa 100, na ushahidi wote hupotea. Kila aliyewahi kutafuta kosa ndani ya programu atakubali kwamba kosa linalotoweka lenyewe ndilo gumu kuliko yote.

Jambo hili si geni. Lugha ya FORTRAN, ambayo kampuni ya IBM iliitoa mwaka 1957, ilikuwa na kisa ambacho wanafunzi wa zamani wa kompyuta walikisimulia kwa kicheko na kwa uchungu. Katika mitambo mingi ya siku hizo, programu ilipoupa utaratibu mdogo namba fulani, haikuupa namba yenyewe bali anwani ya mahali namba ilipohifadhiwa katika kumbukumbu. Sasa mtu akiupa utaratibu huo namba 4 iliyoandikwa waziwazi ndani ya programu, na utaratibu ukaongeza moja kwa kile ulichopewa, basi pale palipohifadhiwa 4 palikaa 5. Tangu dakika hiyo, kila mahali katika programu palipoandikwa 4, kompyuta ilisoma 5. Hapo si thamani ya mpangilio tu iliyobadilika, bali maana ya tarakimu yenyewe! Lugha zilizofuata zilihakikisha kwamba namba iliyoandikwa haiwezi kuguswa. Ilichukua miaka mingi zaidi kwa wazo hilohilo kuenezwa hadi kwenye vitu vikubwa kuliko namba, kama vile tarehe, kanda za saa na mipangilio mizima.

Udongo na chungu

Tabia ya kitu kisichobadilika inaweza kuonekana katika gulio la Lyulilo, karibu na Matema, ambako vyungu vya wafinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe hupangwa kwa wingi vikisubiri wanunuzi. Udongo mbichi wa mfinyanzi hukubali kila umbo. Ukikosewa, hukandwa upya. Ukikauka, hulowanishwa ukarudi kuwa laini. Lakini ukishachomwa, hali yake hubadilika moja kwa moja. Katika joto la nyuzi kiasi cha 500 hadi 600 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na madini ya udongo hufukuzwa na muundo wake hubadilika, na hata ukikiloweka chungu kile mwaka mzima, hakirudi kuwa udongo wa kufinyanga. Anayetaka chungu chenye mdomo mpana zaidi hakifinyangi upya kile kilichochomwa. Anafinyanga kingine.

Programu iliyoandikwa vizuri huipitisha mipangilio yake katika hatua hizohizo. Mwanzoni kuna kipindi cha udongo mbichi: programu inaposoma faili la mpangilio, kila kitu kinaweza kurekebishwa, thamani zilizokosekana zinajazwa, na zile zisizo na maana zinakataliwa. Makato hasi yanakataliwa; ukanda wa saa usiojulikana unakataliwa. Halafu inakuja hatua ya kuchoma, ambapo mpangilio wote unafungwa. Baada ya hapo taratibu zote zinausoma, na hakuna hata mmoja unaoweza kuubadilisha.

Kwa wale wenye kompyuta shuleni, huu hapa ni mfano katika lugha ya Python. Njia hii imekuwamo katika lugha hiyo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018:

from dataclasses import dataclass, replace

@dataclass(frozen=True)
class Mpangilio:
    ukanda: str
    makato: int

msingi = Mpangilio("Africa/Dar_es_Salaam", 100)
wa_magunia = replace(msingi, makato=150)

Neno frozen lina maana ya kugandishwa, nalo ndilo tanuri letu. Mtu akijaribu sasa kuandika msingi.makato = 150, programu haikubali; husimama papo hapo na kutoa taarifa ya kosa. Msomaji huenda akaona kusimama huko ni hasara. La hasha. Programu inayosimama mbele ya karani wa kwanza na kutangaza kosa ni afadhali mara elfu kuliko ile inayoendelea kimya kuwapunja wakulima 40.

Tazama hasa mstari wa mwisho. Utaratibu unaoitwa replace hauubadilishi mpangilio wa msingi. Unatengeneza nakala mpya ambayo inafanana na ule wa msingi katika kila kitu isipokuwa makato. Yule mkulima wa magunia anapigiwa hesabu kwa nakala hiyo, na wengine wote wanapigiwa kwa ule wa msingi. Hakuna kitu cha kurudisha mahali pake, kwa hiyo hakuna kitu cha kusahau kurudisha. Karatasi ya kuchapia ikiisha katikati, na iishe. Ile 100 haikuguswa.

Wakati kazi mbili zinapopishana

Kuna hatari nyingine, kubwa kuliko ya kusahau, nayo hutokea pale kompyuta inapofanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Kompyuta kubwa za kuhudumia watu wengi hufanya hivyo daima: huanza kazi ya mteja wa kwanza, huiacha kidogo, hushika ya mteja wa pili, hurudi kwa wa kwanza, na mgawanyo huo hufanyika kwa sehemu ndogo mno za sekunde.

Tuchukulie kwamba chombo kinaondoka Nkhata Bay saa tatu asubuhi kwa saa za Malawi, yaani saa nne kwa saa za Tanzania, na kwamba programu moja inawahudumia abiria wa pande zote mbili. Ukanda wa saa umewekwa mahali pamoja panapoweza kubadilishwa. Anakuja abiria wa Nkhata Bay, na programu inauweka ukanda uwe wa Malawi. Kabla haijamaliza kuandika tiketi, kazi inakatwa ili ahudumiwe abiria wa Mbamba Bay anayemsubiri jamaa yake, na ukanda unawekwa uwe wa Tanzania. Kisha programu inarudi kwa yule wa kwanza na kumwandikia tiketi: saa nne. Bwana huyu atafika gatini saa nne kwa saa ya mkononi mwake, na atakuta chombo kimekwisha kuwa nukta ndogo ziwani, kimeondoka saa nzima iliyopita. Kwa huduma isiyopita kila siku, huo si usumbufu wa saa moja tu.

Kosa hili huenda lisitokee katika majaribio mia moja, kwani lategemea kupishana kwa kazi mbili katika nafasi finyu sana. Litatokea siku ya msongamano, wakati abiria ni wengi, yaani siku ambayo madhara yake ni makubwa zaidi. Lakini kama ukanda wa kila tiketi ni thamani isiyobadilika, iliyo ndani ya tiketi yenyewe, hakuna mpishano unaoweza kuiharibu. Kazi elfu moja zinaweza kusoma kitu kimoja kwa pamoja bila kugombana, maadamu hakuna hata moja inayokiandika.

Lugha ya Java ilipata funzo hili kwa njia ndefu. Vyombo vyake vya zamani vya tarehe vilikuwa vya kubadilika, na chombo kimoja maarufu cha kuandika tarehe kwa maneno kilikuwa na sifa mbaya ya kutoa tarehe za ajabu kilipotumiwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Hata leo Java inao utaratibu wa kubadilisha ukanda wa saa wa programu nzima kwa amri moja, na mwalimu awaonye wanafunzi wake wasiuguse. Mwaka 2014, katika toleo la 8, ililetwa maktaba mpya ya tarehe na saa, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Stephen Colebourne, ambamo tarehe, saa na kanda zote ni vitu visivyobadilika.

Mazoea mapya yanayotakiwa

Anayeanza kutumia maktaba za namna hii hukutana na fumbo moja ambalo limewakwamisha wanafunzi wengi, na ni vema lielezwe kwa kirefu. Tazama mistari hii:

safari = datetime(2025, 3, 10, 10, 0,
                  tzinfo=ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))
safari.replace(hour=11)
print(safari.hour)

Mwanafunzi anatarajia kompyuta iandike 11, kwa kuwa ameiamuru iweke saa 11 badala ya 10. Kompyuta inaandika 10. Si kwamba amri imekataliwa; imetekelezwa kikamilifu. Nakala mpya yenye saa 11 ilitengenezwa, lakini kwa kuwa haikupewa jina, hapakuwa na mtu wa kuipokea, nayo ikatupwa. Ni kama kumwagiza mfinyanzi chungu kipya kisha usiende kukichukua, halafu ukalalamika kwamba kile cha nyumbani bado ni kidogo. Dawa yake ni kuandika safari = safari.replace(hour=11), yaani kulihamisha jina kutoka kitu cha zamani hadi kitu kipya.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo wengi huichanganya. Jina ni kitu kimoja, na thamani ni kitu kingine. Jina safari laweza kuelekezwa leo kwenye thamani hii na kesho kwenye ile. Thamani zenyewe hazibadiliki. Mwalimu wa hisabati atalielewa hili upesi: tunaposema x ilikuwa 4 na sasa ni 5, hatusemi kwamba namba 4 imegeuka kuwa 5. (FORTRAN ya zamani, kama tulivyoona, ilikuwa na maoni tofauti.)

Fumbo la pili lahusu maana ya kubadili ukanda. Kuna amri mbili zinazofanana kwa sura. Ya kwanza, astimezone, huuliza: wakati huuhuu, kwa saa za mahali pengine, ni saa ngapi? Saa nne asubuhi ya Dar es Salaam ikipelekwa Blantyre kwa amri hiyo huwa saa tatu asubuhi, na wakati wenyewe haukusogea. Ya pili ni ile replace, ikipewa ukanda mpya. Hii hung'oa kibandiko cha Dar es Salaam na kubandika cha Blantyre bila kuigusa tarakimu ya saa. Matokeo yake ni saa nne asubuhi ya Blantyre, ambayo ni saa tano ya Tanzania, yaani wakati mwingine kabisa. Zote mbili hazikiharibu kitu cha asili, lakini moja imetoa jibu la swali ambalo hukuliuliza. Kutobadilika hakumkingi mtu na amri isiyo sahihi. Humkinga tu na athari zake kusambaa hadi kwa wengine.

Thamani isiyobadilika na dunia inayobadilika

Hapa msomaji makini atauliza: je, ikiwa Serikali itabadilisha saa? Au chama kikibadilisha makato? Tumechoma chungu, na sasa tunahitaji kingine.

Saa hubadilishwa kweli, wala si mbali na kwetu. Sudan ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Novemba 2017, na Sudan Kusini ikafanya vivyo hivyo tarehe 1 Februari 2021, ikitoka saa 3 mbele ya UTC hadi saa 2. Programu zilizokuwa zimeandikiwa namba 3 kwa ajili ya Juba zilibaki na kosa mpaka kila moja ilipotafutwa na kurekebishwa. Zile zilizoandikiwa jina la ukanda, Africa/Juba, zilihitaji tu toleo jipya la hifadhidata ya kanda za saa. Hifadhidata hiyo ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2011 inatunzwa chini ya IANA, chombo kinachosimamia majina na namba za intaneti. Takriban kila simu na kompyuta duniani huitegemea.

Jambo la kupendeza ni kwamba hifadhidata hiyo haifuti yaliyopita. Mabadiliko ya Juba hayakuandikwa kwa kuifuta 3 na kuweka 2. Uliongezwa mstari mpya: hadi siku fulani, 3, kuanzia siku hiyo, 2. Kwa hiyo kumbukumbu ya mtoto aliyezaliwa Juba mwaka 2020 bado husomwa kwa saa 3, kama inavyostahili. Na chama chetu cha kakao kifuate njia hiyohiyo. Makato yakibadilika, unatengenezwa mpangilio mpya wenye tarehe yake, na malipo ya msimu uliopita yanabaki yameambatana na mpangilio wa msimu uliopita. Mkulima akirudi na stakabadhi ya mwaka jana, hesabu yake yaweza kurudiwa na ikatoa jibu lilelile.

Historia ya saa zetu wenyewe yaonyesha umuhimu wa jambo hili. Katika kumbukumbu za zamani za hifadhidata hiyo, ukanda wa Dar es Salaam unaanzia na saa ya jua ya mji huo, saa 2 dakika 37 na sekunde 8 mbele ya Greenwich, hadi mwaka 1931. Kisha saa 3. Kisha, kuanzia 1948 hadi 1961, saa 2 na dakika 45. Na baada ya hapo saa 3 hadi leo. Mwaka 2014 watunzaji waliamua kwamba, kwa kuwa Dar es Salaam na Nairobi zimekuwa na saa moja tangu mwaka 1970, jina la Dar es Salaam liwe tu kiungo kinachoelekeza Nairobi, na mistari yake ya zamani ikawekwa katika faili la pembeni ambalo kompyuta nyingi hazilichukui. Malawi ilifanyiwa hivyohivyo: Africa/Blantyre sasa huelekeza Maputo. Kwa matumizi ya leo hakuna tofauti. Lakini mtafiti anayeingiza katika kompyuta vipimo vya hali ya hewa vya Tanganyika vya mwaka 1955 atapewa saa za Nairobi za mwaka huo, ambazo katika toleo la sasa ni saa 3 kamili, na vipimo vyake vitasogea kwa dakika 15. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa kubana matumizi uliozibebesha nchi zetu gharama ndogo ambayo si haki yao. Hata hivyo unatufundisha tusiandike Africa/Nairobi katika programu ya Tanzania kwa hoja kwamba ni mamoja. Nchi moja ikibadilisha saa zake siku zijazo, viungo vitatenganishwa, na aliyeandika jina lake mwenyewe hatakuwa na la kufanya.

Kwa kupita tu: wanafunzi wengine hujaribu kuiwekea kompyuta ukanda wa bandia uliorudishwa nyuma kwa saa 6, ili ionyeshe saa moja asubuhi badala ya 7. Hilo ni kosa. Saa ya Kiswahili ni namna ya kusoma na kuandika, si ukanda. Libadilishwe pale tu jibu linapoandikwa kwa ajili ya macho ya msomaji.

Mipaka yake

Isidhaniwe kwamba kila kitu ndani ya programu kigandishwe. Kina cha ziwa kinachopimwa kila asubuhi, idadi ya magunia ghalani, na nafasi zilizobaki katika meli ni vitu ambavyo kazi yake ni kubadilika. Kuvitengenezea nakala mpya kila sekunde kwaweza kuwa upotevu, ingawa upotevu huo aghalabu ni mdogo kuliko watu wanavyohofia, kwa sababu nakala mpya huweza kushirikiana na ile ya zamani sehemu zote ambazo hazikubadilika. Kanuni nzuri ya kuanzia ni kuuliza kama kitu ni kipimo au ni kanuni ya kupimia. Kipimo na kibadilike. Kanuni ya kupimia ifungwe.

Vilevile kuna mfungo usiofika ndani. Mpangilio uliogandishwa ukiwa na orodha ya bandari ndani yake, Python haitakuruhusu kuweka orodha nyingine mahali pa ile, lakini itakuruhusu kuongeza au kufuta bandari ndani ya orodha ileile. Chungu kimechomwa na mfuniko umefungwa, ila maziwa yaliyomo yaweza kuchachuka. Kwa hiyo kilichomo nacho kiwe cha aina isiyobadilika. Katika Python orodha iliyofungwa huitwa tuple, na huandikwa kwa mabano ya duara badala ya mabano ya mraba. Mwanafunzi anayefuata kila kitu kingine barabara huanguka hapa, na mwalimu atafanya vema kulitolea zoezi maalumu.

Kwa shule zisizo na kompyuta, sehemu moja ya somo hili yaweza kufanywa kwa fimbo. Simika fimbo wima katika uwanja tambarare, na weka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5 kuanzia saa sita mchana. Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Matema iko karibu na longitudo 34 mashariki, ilhali saa za Tanzania zimewekwa kwa longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Tofauti ni digrii 11, sawa na dakika 44. Kivuli kifupi kabisa kitapatikana basi karibu na saa 6:44, kikitangulia au kuchelewa kwa dakika zisizozidi 17 kufuatana na majira ya mwaka. Wanafunzi wa Karonga wakilifanya jaribio hilo siku hiyohiyo, kivuli chao kitakuwa kifupi karibu katika dakika ileile, na saa ya ukutani kwao itasoma kiasi cha 5:44.